MJUMBE HAUAWI: Historia Fupi ya Kuarifu Mateso ya Wazee Makaoni

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi mataifa matatu, yaani Uingereza, Uswidi na Marekani, yalivyojifunza jambo moja lililo jepesi kulitamka na zito kulitenda: kwamba mtu akishuku kuwa mzee aliyewekwa katika makao ya kutunziwa anateswa, hana budi kupeleka habari, na kuipeleka kwa wakati wake. Kujifunza huko kumechukua zaidi ya miaka 150. Katika muda huo hawakukosekana watu wenye macho. Waliona, na baadhi yao wakasema. Lakini habari zao zilicheleweshwa njiani, au zilipokewa na wale wale waliokuwa na sababu ya kuzifukia.

Huenda msomaji akauliza, mwalimu wa lugha ana shauri gani katika neno hili, ambalo kwa desturi ni la mawakili na matabibu? Majawabu yangu ni mawili. Kwanza, sheria ni maneno, na historia nitakayoisimulia ni kwa sehemu kubwa historia ya maswali machache ya maneno: nani aseme, amwambie nani, na "upesi" maana yake nini. Pili, nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilipata kufanya kazi ya usiku katika makao ya wazee, na niliyoyaona huko nitayataja mahali pake.

MANENO YENYEWE

Kiswahili kina maneno mengi ya kupeleka habari za mtu kwa mkubwa wake, na karibu yote yana sumu ndani yake. Kuchongea ni kumsema mtu kwa mwenye mamlaka ili apate adhabu. Kufitini ni kusema ili watu wagombane. Kusengenya ni kumtaja mtu kwa ubaya asipokuwapo. Umbeya na udaku havihitaji kuelezwa. Kushtaki ni afadhali, maana ni kazi ya halali. Lakini anayeshtaki aghalabu hudai haki yake mwenyewe, na tena hutazamiwa kuthibitisha anayoyasema. Mfanyakazi aliyeona alama za vidole katika mkono wa mzee hadai haki yake, wala hana uthibitisho. Ana shaka tu. Basi aitweje?

Lipo neno taarifa. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa kuarifu na maarifa; kiini chake ni kujua. Atoaye taarifa hamhukumu mtu. Anamjulisha mwenye mamlaka jambo ambalo asingelijua, kisha mwenye mamlaka ndiye wa kupeleleza na kupambanua. Tofauti hii, baina ya kuchongea na kuarifu, si ya kamusi peke yake. Mtu anayeogopa kuitwa mchongezi hunyamaza, na mzee hubaki na mtesi wake.

Wazee wetu walisema, mjumbe hauawi. Katika habari zinazofuata wajumbe hawakuuawa, kweli. Bali walifukuzwa, walikanushwa, au waliambiwa wangoje. Nami nitajaribu kuonyesha kwamba kumngojesha mjumbe wa namna hii hudhuru sawasawa na kumfunga kinywa.

ANDOVER, 1845

Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya maskini. Msaada wa zamani, uliokuwa ukitolewa watu wakiwa majumbani mwao, ulipunguzwa, na mahali pake zikajengwa nyumba za kazi. Nia haikufichwa: hali ya mtu ndani ya nyumba hiyo ilitakiwa iwe duni kuliko hali ya kibarua fukara kabisa aliye nje, ili asiingie ila asiyekuwa na njia nyingine. Humo waliingia yatima, wajane, wagonjwa, na wazee wasio na jamaa wa kuwalisha.

Nyumba ya Andover, katika jimbo la Hampshire, ilifunguliwa mwaka 1837. Mkuu wake alikuwa Colin M'Dougal, askari wa zamani aliyepigana Waterloo mwaka 1815. Kazi waliyopewa wanaume wa nyumba hiyo ilikuwa kuponda mifupa ya wanyama ili iwe mbolea. Chakula kilikuwa kidogo hata kuliko kipimo kilichoamriwa, na watu walishikwa na njaa kiasi cha kugombania mifupa ile, wakafyonza uboho na kutafuna gegedu zilizobaki, ingawa nyingine zilikuwa zimekwisha kuoza.

Aliyelisema jambo hili ni Hugh Mundy, mkulima, mmoja wa wasimamizi wa nyumba hiyo. Kwanza aliwaambia wasimamizi wenziwe. Hawakumwita mwongo, waliamua tu kwamba kazi ya mifupa isimame wakati wa joto. Msomaji autazame uamuzi huo vizuri. Habari ilikuwa ya watu wenye njaa. Jawabu lilikuwa la harufu. Wasimamizi hawa walichaguliwa na walipa kodi, na kila mkate uliotolewa ulilipwa kwa kodi yao. Habari ilipelekwa kwa watu ambao kuisikia kungewagharimu.

Mundy akapita juu yao. Alimwendea Thomas Wakley, tabibu na mwanzilishi wa gazeti la Lancet, aliyekuwa mjumbe wa Bunge. Na tarehe 1 Agosti 1845 Wakley akauliza swali Bungeni. Serikali ikampeleka mkaguzi, Henry Parker, naye akaona kwamba habari ni ya kweli. Gazeti la The Times likaandika mfululizo. M'Dougal akajiuzulu. Lakini Parker naye, aliyetumwa kutazama, alilazimishwa kuacha kazi na wakubwa wake, ambao walitaka lawama ipate mahali pa kukaa. Mwaka 1846 kamati ya Bunge ilichunguza mambo yote, na mwaka 1847 ile Tume ya Maskini iliyosimamia nyumba za nchi nzima ikaondolewa, bodi nyingine ikawekwa.

Hapa tunaona mambo mawili yatakayorudi tena na tena. La kwanza, habari iliyopelekwa ndani haikufika popote mpaka ilipotoka nje. La pili, waliokuwa wakila mifupa hawakuwa wao waliosema kwanza. Aliyesema alikuwa mtu mwenye shamba lake na kiti chake katika bodi.

MIWANI, MENO NA MASIKIO

Sheria ya mwaka 1948 ilikomesha rasmi sheria ya maskini, ikazipa halmashauri za miji na wilaya wajibu wa kuwapa wazee makao. Jina la nyumba ya kazi likafutwa, majengo hayakufutwa. Mwanachuoni Peter Townsend alizuru nyumba 173 za Uingereza na Wales katika miaka ya 1958 na 1959, na kitabu chake, The Last Refuge, kilichotoka mwaka 1962, kilionyesha kwamba wazee wengi walikuwa wakilala katika kuta zile zile walizoziogopa baba zao.

Townsend alikuwa mgeni apitaye. Mtu wa kukaa na kurudi alikuwa Barbara Robb. Mwezi wa Januari 1965 Bibi Robb alikwenda kumtazama mwanamke mzee aliyemjua, aliyelazwa katika hospitali ya Friern, kaskazini ya London. Aliwakuta wanawake wazee wamekatwa nywele namna moja, wamevalishwa nguo zisizo zao, na wengi wamenyang'anywa miwani, meno ya bandia na vyombo vya kusikilizia. Tarehe 10 Novemba 1965 barua iliyotiwa sahihi na watu 10 ilichapishwa katika The Times, ikitaja jambo hili na kuwaomba watu walete ushahidi. Majibu yalikuja kwa mamia.

Nataka kukaa kidogo juu ya vitu hivi vitatu, kwa sababu mwenye kushughulika na lugha huviona kwa jicho la namna yake. Asiye na meno hatamki sawasawa, na anayemsikiliza hudhani amepotewa na akili. Asiyesikia swali hujibu lisiloulizwa. Asiye na miwani hasomi karatasi anayopewa kutia sahihi, wala haandiki barua kwa mwanawe. Kumwondolea mzee vitu hivi, hata ikiwa kwa sababu ya wepesi wa kazi tu na ili visipotee, ni kumwondolea usemi. Baada ya hapo haina maana kusema kwamba hakulalamika. Na ndiyo sababu wajibu wa kusema, katika makao ya wazee, hauwezi kuachiwa mwenye kuteswa. Lazima uhamie kwa amwonaye.

Mwaka 1967, tarehe 30 Juni, Bibi Robb alitoa kitabu, Sans Everything. Jina hilo lilichukuliwa katika mchezo wa Shakespeare, As You Like It, mahali anapoeleza umri wa mwisho wa binadamu, ambao hauna tena kitu chochote. Ndani yake wauguzi na watumishi wa jamii walisimulia waliyoyaona. Waziri wa Afya, Kenneth Robinson, aliamuru kamati zichunguze. Na taarifa ya serikali ya Julai 1968 ikasema kwamba sehemu kubwa ya madai hayo haikuthibitika. Baadhi ya mambo yaliyosimuliwa yalikuwa yamepita miaka. Wauguzi walinyamaza wakiwa kazini, wakasema baadaye. Na habari iliyolala namna hiyo, hata ikiwa ni kweli tupu, ni rahisi kuikanusha.

Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Agosti 1967 mtumishi mmoja wa chini katika hospitali ya Ely, mjini Cardiff, iliyokuwa ya watu wenye upungufu wa akili, alipeleka habari zake kwa gazeti la News of the World. Kamati iliyoongozwa na wakili Geoffrey Howe ilichunguza, na ripoti yake ya Machi 1969 ilithibitisha mengi, pamoja na jambo moja lihusulo hasa makala haya: kwamba waliowahi kulalamika kabla yake walitendewa vibaya kwa sababu ya kulalamika kwao. Waziri Richard Crossman aliichapisha ripoti nzima. Mwaka ule ule kikaundwa chombo cha kukagua hospitali, na mwaka 1973 akawekwa kamishna wa kupokea malalamiko juu ya huduma za afya.

SHERIA ILIYOITWA KWA JINA LA MTU

Tuvuke sasa kwenda Uswidi, nchi ambayo kamishna wa namna hiyo asili yake ni huko. Mwaka 1809 Waswidi waliandika katika katiba yao kwamba Bunge liwe na mtu wake wa kuangalia kama watumishi wa serikali wanafuata sheria. Jina lake, ombudsman, ni neno la kale la lugha za kaskazini lenye maana ya mtu aliyepewa madaraka ya kusema kwa niaba ya mwingine. Sisi tungesema wakili. Neno hili lilisafiri duniani bila kutafsiriwa. Wasomaji wa Tanzania watakumbuka kwamba lilifika kwetu mapema: Katiba ya Muda ya mwaka 1965 iliweka Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Mwaka 2001 kazi zake zilishikwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Uswidi ilisifiwa sana kwa kuwatunza wazee wake, lakini nayo ilihitaji wajumbe. Mwandishi Ivar Lo-Johansson alizunguka katika makao ya wazee, akatoa kitabu chenye picha mwaka 1949, akashikilia kwamba badala ya kuwapeleka wazee penye matunzo, matunzo yapelekwe kwa wazee majumbani mwao. Zaidi ya hayo Waswidi walikuwa na mfano katika hospitali zao. Mwaka 1936, katika hospitali ya Maria mjini Stockholm, wagonjwa wanne walikufa kwa kuchomwa sindano ya dawa ya kuulia vijidudu badala ya dawa ya ganzi. Mwaka uliofuata ikatungwa amri kwamba madhara ya namna hiyo yaarifiwe kwa wenye mamlaka, na watu wakaiita Lex Maria, yaani sheria ya Maria, kwa jina la hospitali.

Miaka 60 baadaye ikaja sheria nyingine. Mwaka 1997 Sarah Wägnert alikuwa muuguzi msaidizi katika makao ya Polhemsgården, katika mji wa Solna. Aliwaona wazee wenye vidonda vya kulalia, wasiotunzwa ipasavyo, na wafanyakazi wachache wasioweza kuwafikia wote. Aliwaambia wakubwa wake kwanza. Alipoona hakuna linalobadilika alisema mbele ya televisheni, kwa uso wake na jina lake. Nchi nzima ikashtuka, na tarehe 1 Januari 1999 ikaanza kufanya kazi sheria iliyomlazimu kila afanyaye kazi ya kutunza wazee kuarifu mara moja aonapo uovu mkubwa. Watu wakaiita Lex Sarah. Tangu tarehe 1 Julai 2011 imeenea katika huduma zote za ustawi wa jamii, na inahusu hata hatari iliyo dhahiri, kabla madhara hayajatokea.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kuyapita majina haya mawili. Sheria ya kwanza ilichukua jina la mahali ambapo msiba ulitokea. Sheria ya pili ilichukua jina la aliyesema. Mtu wa cheo cha chini, ambaye siku ya kwanza aliweza kuitwa mchongezi, jina lake leo hutajwa na kila mtumishi wa Uswidi anapojaza fomu ya taarifa. Taifa lilimtoa mjumbe katika aibu na kumweka katika sheria. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo lugha yaweza kumpa mtu.

KUTOKA "UPESI" MPAKA SAA 2

Marekani ndiko nchi ambako swali la wakati lilipata jawabu lake kali zaidi. Baada ya mwaka 1965 serikali kuu ilipoanza kulipa gharama za matibabu ya wazee na maskini, makao ya wazee yaliongezeka upesi, na mengi yalikuwa mali ya wafanya biashara. Malalamiko yakaongezeka vile vile. Mwaka 1972 serikali ilianza kujaribu katika majimbo machache mpango wa kuwa na ombudsman wa makao ya wazee, neno lile lile la Kiswidi, mtu wa kuwatembelea wazee na kusikiliza shida zao. Na sheria ya mwaka 1978 ikalitaka kila jimbo liwe naye. Sheria ya mwaka 1987 ikaandika haki za mkaaji wa makao, mojawapo ikiwa haki ya kutoteswa na kutofungwa kwa ajili ya wepesi wa watumishi.

Kanuni zilizofuata zilisema kwamba tuhuma za mateso ziarifiwe mara moja. Ni maneno mazuri, lakini yana kasoro ambayo kila mwenye lugha aijua. "Mara moja" haina kipimo. Kwa mama mwenye mtoto anayeungua ni kufumba na kufumbua; kwa karani ni kesho asubuhi; kwa mwenye makao anayeogopa jina lake kuharibika ni baada ya kuitisha kikao, kumhoji mfanyakazi, na kuzungumza na wakili. Mwaka 2002 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti juu ya jambo hili. Katika majimbo matatu iliyoyatazama, karibu nusu ya taarifa za makao zilikuwa zimefika siku 2 au zaidi baada ya makao yenyewe kujua.

Kwa nini siku 2 ni nyingi? Kwanza kwa sababu ya mwili. Ngozi ya mzee huvilia damu kwa urahisi, na alama hubadilika rangi; zikikaa, hata tabibu hawezi kusema kwa yakini ni za siku gani. Pili kwa sababu ya akili. Wengi wa wakaao makaoni wana maradhi ya kusahau, na alichoweza mzee kukieleza saa ya kwanza hawezi kukieleza siku ya tatu. Tatu kwa sababu ya watu: mashahidi huzungumza wao kwa wao, na habari zao huanza kufanana. Nne, nalo ni kubwa kuliko yote, kwa sababu mtesi bado yupo. Zamu yake ya usiku inakuja.

Basi mwezi wa Machi 2010, ndani ya sheria kubwa ya afya, Wamarekani waliandika kwamba mwenye makao, msimamizi, mfanyakazi, au mwenye mkataba wa kazi katika makao ya wazee yapokeayo fedha za serikali kuu, akiwa na shaka yenye msingi kwamba mkaaji ametendewa jinai, aarifu idara ya serikali na polisi pia. Kama jambo limeleta jeraha kubwa la mwili, aarifu katika muda wa saa 2. Kama sivyo, katika muda wa saa 24. Asiyearifu aliwekewa adhabu ya kulipa mpaka dola 200,000, na mpaka dola 300,000 ikiwa kunyamaza kwake kumeongeza madhara. Tena makao yalikatazwa kumlipiza kisasi aliyearifu. Kanuni za mwaka 2016 ziliongeza kwamba tuhuma za mateso zipelekwe katika saa 2 hata bila ya jeraha kubwa, na matokeo ya uchunguzi yaletwe katika siku 5 za kazi.

Ukiyatazama maneno ya sheria hii utaona kwamba yameyajibu makosa ya Andover na ya Friern moja baada ya jingine. Wajibu ni wa kila mtu peke yake, si wa bodi. Habari hutoka nje, haizunguki ndani. Linalotakiwa ni shaka yenye msingi, si yakini. Kwa maneno yetu, mtu huarifu dhana yake, na wenye kazi hiyo huitafutia yakini. Na mahali pa kielezi imewekwa hesabu. Kielezi hubishaniwa; saa husomwa ukutani.

Sisemi kwamba hesabu hiyo imemaliza mateso. Sheria haiongezi mtumishi katika zamu yenye watumishi wachache, wala haimpi mshahara wa kumtosha. Tena haifai kusahau kwamba wengi wa wafanyakazi hawa ni watu wa huruma wanaofanya kazi nzito kwa ujira mdogo, na kwamba taarifa si hukumu. Anayetajwa ana haki ya kusikilizwa. Lakini hata yeye hufaidiwa na upesi: asiye na kosa husafishwa vizuri zaidi mambo yakiwa mabichi kuliko yakiwa yamegeuka uvumi.

NILIYOYAONA

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya udaktari katika nchi moja ya Ulaya, na fedha zangu hazikutosha. Nikapata kazi ya usiku, mwisho wa juma, katika makao ya wazee. Alikuwapo bibi mmoja, mwalimu wa zamani, ambaye kila usiku alinisahihisha matamshi yangu, kisha akasahau kwamba amenisahihisha, akanisahihisha tena. Usiku mmoja wa Ijumaa nilipomkunja mkono wa nguo ili nimwoshe, niliona alama nne upande mmoja wa mkono wake na moja upande wa pili. Nilimwuliza mkubwa wa zamu. Akasema, ameanguka.

Mtu akianguka haachi alama za vidole vitano. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa mgeni, kibali changu cha kukaa kilinitia hofu, na niliogopa kumsingizia mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Nikaona ni adabu kumngoja mkuu wa makao aje Jumatatu. Jumatatu alama zilikuwa zimegeuka rangi ya manjano, na bibi, alipoulizwa, alisema kwa upole kwamba hakumbuki. Katika daftari iliandikwa kwamba alama ni za zamani na asili yake haijulikani. Mpaka leo sijui ni nani aliyemshika mkono ule. Tasnifu niliyokuwa nikiiandika wakati huo ilihusu vitenzi vya kusema.

NENO LA MWISHO

Kwetu wazee walio wengi hutunzwa na jamaa zao, na makao ni machache. Hata hivyo yapo, kama ya Nunge huko Kigamboni, na ya Welezo na Sebleni huko Unguja. Nayataja si kwa lawama, bali kukumbusha kwamba habari hii si ya ng'ambo peke yake. Tena vijana wetu wengi wanafanya kazi katika makao ya Ulaya na Marekani, wakiwa na hofu zile zile nilizokuwa nazo, na huenda usiku huu mmoja wao anakunja mkono wa nguo ya mzee.

Tanzania ilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Jina hilo lilichaguliwa vizuri: mtoa taarifa, si mchongezi. Na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba wajibu wa kuarifu sasa utaandikwa, na kutafsiriwa, kwa lugha hii yetu, na watakaoulizwa maneno ni watu wa chuo kama sisi. Nawasihi wenzangu, tutakapoulizwa, tusikubali "upesi," wala "mara moja," wala "haraka iwezekanavyo." Tuombe hesabu ya saa. Tuombe pia jina la ofisi itakayopokea habari, na iwe nje ya makao. Na neno shaka tuliache liitwe shaka, ili mtu asingoje yakini ambayo haitakuja.

Lau mwaka ule ningalikuwa nimesoma karatasi yenye maneno hayo, imebandikwa mlangoni pa chumba cha watumishi, ningalipiga simu usiku ule ule wa Ijumaa.